Mama Thérèse wa roboti, na binti yako anayefungua redio

Mwaka wa 2013 watu wa Kinshasa walianza kuona polisi wa namna mpya kwenye njia panda. Jua likiwa kali, haendi kivulini. Mvua ikinyesha, hakimbii. Wala haombi dereva pesa ya maji. Kimo chake ni karibu mita 2 na nusu, mwili wake ni wa aluminiamu, ana mikono miwili na taa. Akiinua mkono na taa nyekundu ikawaka, magari yanasimama. Kisha anageuka, taa ya kijani inawaka, na watu wa upande mwingine wanapita. Polisi huyo ni roboti.

Ukiona picha yake kwa mara ya kwanza, utasema imetoka China au Japani. Hapana. Imetoka Kinshasa kwenyewe, na aliyeongoza kazi ya kuiunda ni mama wa nchi yetu, injenia Thérèse Izay Kirongozi. Alisoma elektroniki katika chuo cha ufundi kinachoitwa ISTA, huko Kinshasa. Kiisha akaunda ushirika wa wanawake mainjenia, jina lake Women's Technology, au kwa kifupi Wotech. Wanawake wenye diploma za ufundi walikuwa wanakaa bila kazi, na ushirika huo ulikuwa mlango wao.

Ninaleta habari yake juma hili kwa sababu darasa la nane wanajitayarisha kwa TENASOSP, na baada ya matokeo kila mzazi ataulizwa: binti yako aende opsioni gani? Katika nyumba nyingi jibu limekwisha kutolewa kabla ya binti kuulizwa. Basi tumtazame kwanza Mama Thérèse, tuone kazi ya mvumbuzi inakwenda namna gani, kiisha turudi kwetu Bunia.

Ndani ya roboti mna nini?

Tusiogope jina. Roboti ya barabarani ina vitu ambavyo wengi wetu tunavyo nyumbani, ila vimepangwa kwa akili.

Kwanza kuna paneli ya jua, kama ile iliyo juu ya mabati yako. Mchana inakusanya nguvu na kuiweka katika batri. Hiyo ndiyo sababu umeme ukikatika mjini, roboti inaendelea na kazi. Injenia anayeishi mahali ambapo umeme unakuja na kwenda hawezi kuunda kitu kinachongoja umeme. Tatizo analolijua ndilo lilimfundisha.

Pili kuna mota. Mota ndiyo inayogeuza kifua na kuinua mikono. Mota ndogo ya namna hiyo imo hata katika kichezeo cha mtoto kinachotembea.

Tatu kuna bongo, yaani kadi ya elektroniki inayohesabu wakati. Inasema: upande huu sekunde kadhaa, kisha ule mwingine, kisha watu wa miguu.

Nne kuna kamera. Roboti haiwezi kumkimbiza dereva mkaidi, haina miguu ya kufanya hivyo. Lakini picha za kamera zinatumwa kwenye kituo, na huko watu wanaweza kuona nani amepita taa nyekundu. Mashine inaona na kukumbuka. Kuamua ni kazi ya binadamu.

Je, ni mchezo wa kupendeza macho tu? Hapana. Mwaka wa 2015 tume ya usalama barabarani ilisema kwamba zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekufa katika ajali Kinshasa tangu mwaka wa 2007. Kila mama wa Bunia anayempeleka mtoto shuleni akivuka Boulevard de la Libération saa moja ya asubuhi, motari wakipita kulia na kushoto, anajua hesabu hiyo ina maana gani.

Ya kwanza haikuwa ya mwisho

Hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri. Roboti za mwaka wa 2013 zilikuwa mbili. Zingeweza kubaki mbili, watu wakazipiga picha, magazeti yakazisifu, na habari ikaishia hapo. Vitu vingi vya kushangaza vinakufa namna hiyo. Mtu anaunda kitu kimoja, anasifiwa siku moja, kitu kinaharibika, hakuna anayekumbuka tena.

Wotech hawakuishia hapo. Waliziangalia zile mbili zikifanya kazi katika jua, vumbi na mvua ya Kinshasa. Mwezi wa tatu 2015 wakatoa nyingine tatu, wakazipa majina kama watoto: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Hizi zilikuwa na vifaa bora vya elektroniki na zilijibu kwa haraka kuliko dada zao wa kwanza. Bei ya kila moja ilikuwa dolari 27,500.

Kwa hiyo nikiulizwa mvumbuzi ni nani, sitasema ni mtu aliyepata wazo siku moja. Wazo kila mtu analo. Ukikaa jioni na wamama wa Mudzipela wakichambua sombe, utasikia mawazo kumi. Mvumbuzi ni yule anayeunda kitu cha pili, kwa sababu cha kwanza kilimwonyesha penye shida. Na ili mtu afike cha pili, anahitaji mambo matatu: ujuzi wa kusoma kosa la kitu cha kwanza, wenzake wa kufanya nao kazi, na pesa iliyobaki.

Mama Thérèse alikuwa na la kwanza kutoka shuleni. La pili alilitafuta mwenyewe alipounda ushirika badala ya kufanya kazi peke yake. La tatu, yaani pesa, ndilo gumu kwa wote.

Mteja mmoja mkubwa au wateja wengi wadogo

Fikiria: nani ananunua polisi wa aluminiamu wa dolari 27,500? Si mimi, si wewe, si duka la jirani. Ananunua mji, jimbo au Serikali. Mwaka huohuo wa 2015 Wotech waliomba viongozi wanunue roboti nyingine 30 kwa barabara kubwa za Kinshasa. Mteja wa namna hiyo akikubali, kazi ni kubwa. Akichelewa, karakana yote inakaa ikingoja. Mama anayemuuzia shule moja tu mikate anaelewa: mwisho wa mwezi unasimama mlangoni kwa mhasibu.

Kuna njia nyingine, na mfano wake uko Kenya. Charlot Magayi aliishi Mukuru, mtaa wa maskini wa Nairobi, akiuza makala ya kupikia. Alizaa akiwa bado msichana mdogo. Mwaka wa 2012 binti yake aliungua vibaya kwa jiko la makala. Mama huyo hakuwa na diploma ya elektroniki. Alikuwa na mtoto aliyeungua, na alijua makala kuliko wengi: inanunuliwa kwa bei gani, inakwisha kwa muda gani, moshi wake unaingia wapi.

Mwaka wa 2017 akaanzisha kampuni ya Mukuru Clean Stoves. Majiko yake yanaundwa kwa vyuma vilivyokwisha kutumika. Bei yake ilikuwa karibu dolari 10. Jiko lake linatoa uchafu wa hewa pungufu kwa asilimia 70 ukilinganisha na jiko la kawaida la makala, na asilimia 90 ukilinganisha na moto wa mafiga. Mwaka wa 2022 kampuni ilikuwa imekwisha kuuza majiko 200,000, na mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo akapewa tuzo ya Earthshot, pauni 1,000,000 za Uingereza, ili aendeleze kazi.

Tazama tofauti. Mmoja anauza kitu cha bei kubwa kwa mteja mmoja mkubwa. Mwingine anauza kitu cha dolari 10 kwa wamama maelfu. Mama mmoja asiponunua, mwingine atanunua, na kila mmoja atasema: mguu wa jiko unalegea, mlango ni mdogo. Maneno hayo ni shule. Yanamwonyesha mtengenezaji kitu cha pili kiwe namna gani.

Tuhesabu pamoja

Mimi ni mwalimu, mtanivumilia nichukue chaki kidogo. Tuseme kikundi chetu kinataka kuunda majiko bora hapa Bunia. Hesabu hizi ni za mfano, kila kikundi kitaweka bei za soko la siku hiyo.

Bati na vyuma: franka 12,000. Fundi wa kuchomea: 5,000. Udongo wa ndani: 1,000. Usafiri: 2,000. Jumla ni franka 20,000 kwa jiko moja.

Ukiliuza 21,000, umepata faida ya 1,000. Utafurahi. Lakini ukitaka kujaribu jiko la namna mpya, ambalo pengine litaharibika, unahitaji 20,000 nyingine. Itakubidi uuze majiko 20 kwanza, bila kula franka moja ya faida. Utachoka.

Ukiliuza 25,000, majiko manne yanakupa 20,000. Yaani kila majiko manne yanalipia jaribio moja. Sasa unaweza kukosea na kuendelea.

Hapa ndipo sanduku letu la AVEC linaingia. Tunalijua: kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu, hisa kila juma, na mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na msiba. Mkopo wa AVEC ni mzuri kwa kununua mzigo wa samaki au unga, kwa sababu mzigo unauzwa na pesa inarudi. Kwa jaribio ni hatari, kwa sababu jaribio laweza kuharibika na deni likabaki. Ninashauri hivi: wenye kutaka kuunda kitu wasichukue mkopo kwa jaribio la kwanza. Waweke kando sehemu ndogo ya faida ya biashara wanayoijua, na hiyo iitwe pesa ya kujaribu. Ikipotea, hakuna mama anayelala na deni. Kitu kikikubalika, hapo mkopo unaweza kununua bati za majiko mengi.

Sasa, opsioni ya binti

Katika darasa langu kuna msichana wa darasa la nane. Jina lake ni siri yangu na yake. Redio ya jirani ikinyamaza, inaletwa kwake. Anaifungua, anatafuta waya uliokatika, anaunganisha, redio inasema. Nikamuuliza atachagua opsioni gani. Akajibu: "Mwalimu, mama amesema ushonaji."

Nilikwenda kuongea na mama yake. Hakuwa mkali. Aliniambia: "Mwalimu, ushonaji unalisha. Nani atamwita mtoto msichana atengeneze umeme?"

Swali lake ni la kweli na halistahili kudharauliwa. Wala ushonaji si opsioni ya wavivu. Anayekata patroni ya gauni anafanya jiometri kwenye kitambaa. Binti anayependa ushonaji aende huko, na apendwe. Ninayemsemea ni yule anayependa kitu kingine, na tunamwelekeza kwenye ushonaji au pedagojia kwa sababu tu ni msichana.

Na swali la "nani atamwita" lina jibu. Hapa Bunia nyumba nyingi zina paneli na batri, kila kioski kinachaji simu, kila mashine ya kusaga ina mota. Vitu hivyo vinaharibika kila siku, na mara nyingi mwenye navyo ni mama aliye peke yake nyumbani mchana. Je, angependa kumwita nani aingie chumbani kuangalia batri?

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa watu wa Ituri. Wengi wetu tumekimbia. Wamama waliofika kambi ya Kigonze wanaweza kusimulia ni nini kilibaki nyuma: shamba, mbuzi, cherehani, nyumba. Ujuzi ulio kichwani na mikononi ulifika nao. Binti tunayempa ujuzi anaoupenda, tunampa mzigo asioweza kunyang'anywa njiani.

Lakini tusidanganyane: kuna shule zinazoandika "umeme" kwenye ubao wa nje, na ndani kuna chaki tu. Kabla ya kuandikisha binti opsioni ya ufundi, nenda kwa prefe ukamuulize maswali matatu. Moja: wanafunzi wanashika vifaa kwa mikono yao mara ngapi kwa juma? Mbili: wakati wa staji wanakwenda karakana gani, na nani anawafuata huko? Tatu: wasichana ni wangapi darasani, na choo chao kiko wapi? Prefe mzuri hatakasirika. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Nyumbani, kabla ya shule

Mtoto haanzi kuunda vitu siku ya kuingia humanite. Anaanza nyumbani, na mama anaweza kumsaidia hata kama yeye mwenyewe hakusoma fizikia.

Mpe sanduku la vitu vilivyokufa: tochi, redio ndogo ya batri, kichezeo chenye mota. Avifungue. Mawe ya tochi yana nguvu ndogo kuliko umeme wa nyumba.

Mkataze mambo matatu, na usiyalegeze. Asiguse kamwe waya wa umeme wa nyumba au wa jenereta. Asifungue televisheni, kwa sababu ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Asitoboe wala kugonga batri ya simu, inaweza kuwaka moto mikononi mwake.

Mpe daftari la zamani. Kila anapojaribu, aandike: nilifanya nini, nini kilitokea, kesho nitabadilisha nini. Ukimwomba akusomee, utakuwa mwalimu wake bila chaki.

Kitu chake kikiharibika, usimcheke, wala usikimbilie kusema "si nilikuambia". Muulize: "Cha pili utakifanya namna gani?" Ni swali lilelile ambalo wanawake wa Wotech walijiuliza kati ya mwaka wa 2013 na 2015.

Na kazi za nyumba zigawanywe. Msichana anayeteka maji, kuosha vyombo na kubeba mdogo wake mgongoni mpaka usiku hana saa ya kufungua redio, wakati kaka yake anayo tangu saa tisa. Saa moja kwa siku, wamama. Kaka ateke bidoni mbili, dada apate saa moja.

Tutakapokutana

Mama wa yule msichana hajaamua bado. Ameniomba twende wote watatu kwa prefe, yeye, binti na mimi, tukaulize yale maswali matatu, na tutakwenda kabla ya TENASOSP. Kama kuna mama mwingine mwenye binti darasa la nane anayetaka kwenda nasi, aniambie katika mkutano wetu wa juma hili. Aje na binti mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayekaa katika darasa hilo.